Kalavati Huzibuliwa Kutoka Chini

Jumamosi moja asubuhi, mjini Mbale, nilimkuta mzee akiwazuia vijana sita wasifanye kazi waliyojitolea kuifanya. Walikuwa wamedamka, wana mabuti miguuni na mabeleshi begani, na tayari walishaanza kuchokoa taka zilizoziba kalavati upande wa juu, pale maji yanapoingilia. Mzee hakupandisha sauti. Alishika beleshi la kijana wa mbele, akasema, "Wanangu, kalavati huzibuliwa kutoka chini." Vijana wakatazamana, wakavuka barabara, wakateremka upande wa pili.

Mimi nilibaki juu na swali langu. Jibu lilikuja lenyewe saa moja baadaye. Ukianza juu, maji yaliyotuama yanapata upenyo, nayo yanazisukuma taka hadi katikati ya bomba, mahali ambapo mkono haufiki na beleshi haligeuki. Hapo umeziba zaidi kuliko ulivyokuta. Ukianza chini, kila unachokivuta kinatoka nje, na kila unachokilegeza nyuma yake kinaletwa na maji hadi miguuni pako. Vijana walikuwa sita. Maji yakawa mfanyakazi wa saba, na huyo hakupumzika hata mara moja.

Chombo cha mzee kilikuwa mwanzi, mwanzi wa Mlima Elgon, wa jamii ile ile ambayo machipukizi yake Wagisu huyakausha kwa moshi, wakayapika kwa karanga na kuyaita malewa. Huu wake ulikuwa na urefu wa kama mita nne, na kwenye ncha alikuwa amefunga kwa waya kipande cha nondo kilichokunjwa mfano wa kulabu. Nilimuuliza kwa nini asitumie bomba la chuma. Akaniambia mwanzi ni mwepesi kwa mtu wa umri wake, unapinda bila kuvunjika, tena unaleta habari. Ukigusa chupa, kiganja kinajua ni chupa. Ukigusa jiwe, kiganja kinajua ni jiwe. Chuma kinaumiza mkono tu, hakiuambii kitu.

Nilimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa akisukuma. Aliuingiza mwanzi taratibu hadi ulipokwama, akauzungusha nusu mzunguko, kama mtu anayekunja uzi kwenye kijiti, ili kaveera ijisokote kwenye kulabu, ndipo akavuta. Kaveera ni jina letu Uganda la mfuko wa plastiki, ule ambao Watanzania waliuita rambo na Wakenya wakauita juala. Marufuku ya ile myembamba iliingia kwenye sheria kwetu mwaka 2009, kabla ya Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini sisi tuliotangulia ndio tunaoendelea kuivuta kutoka kwenye mitaro. Zikatoka kaveera, chupa za maji, kandambili moja, mabua ya mahindi, kitambaa cha kanga, vyote vimesukwa pamoja kama kiota. Kila alipovuta alitulia kidogo, akainamisha kichwa, akasikiliza. Bomba likakohoa. Maji meusi yakaruka, yakapungua, yakaruka tena. Vijana wakashangilia, wakadhani kazi imekwisha. Mzee akatikisa kichwa. "Bado kuna kitu upande wa kushoto." Akaurudisha mwanzi, akautafuta ukuta wa kushoto, na baada ya kuvuta mara tatu likatoka gunia zima lililojaa mchanga. Sauti ya maji ikabadilika, ikawa moja, nene, isiyokatika.

Pale watu wengi wangenawa mikono. Wao walikuwa nusu ya njia. Lile tope walilolitoa lilikuwa limelala kandokando ya mtaro, na hapo ndipo usafi mwingi wa miji yetu unapofia: tope linaachwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka, na watu wanasema taka za mji huu haziishi. Mzee aliwaamuru walitandaze kwenye mabati chakavu ili lichuje maji. Wakati linachuja, wakaokota plastiki zilizonaswa ndani yake, moja moja, kwa vidole. Saa nane mchana lilikuwa limekuwa udongo mzito wa kubebeka, wakalipakia kwenye toroli na kwenda kujazia shimo lililokuwa likiharibu njia ya kwenda kisimani. Ukingo wa mtaro wakaufagia. Nilipouona umefagiwa, mistari ya ufagio imelala sambamba juu ya udongo, nilijua nimewakuta mafundi.

Wenyeji wa Mbale hawahitaji kuelezwa kwa nini kazi hii ni muhimu. Mji umelala chini ya mwamba wa Wanale, na mito ya Nabuyonga na Namatala inashuka kutoka huko juu na kupita katikati ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha, mito ikavunja kingo zake, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Nyumba zilikwenda, magari yalikwenda, mashamba ya bondeni yakafunikwa. Sitasema kalavati moja iliyozibuliwa ingewaokoa wale watu. Maji yale yalikuwa na sababu zake kubwa: miti iliyokatwa mlimani, nyumba zilizosogea hadi mdomoni mwa mto, mvua isiyo ya kawaida. Lakini kila aliyetembea ukingoni siku zilizofuata aliona kaveera na chupa zimening'inia kwenye matawi na kujibana chini ya madaraja, na aliona jinsi maji yaliyokosa njia yanavyojitafutia nyingine kupitia sebuleni kwa mtu. Kwa mafuriko ya mwaka ule mzee na mwanzi wake ni wadogo. Kwa mvua za kila wiki, zile zinazoingiza maji machafu jikoni na kuwaharisha watoto, ni wakubwa sana.

Sehemu ya pili ya ufundi huu nilijifunza nyumbani, Jinja, na nilijifunza kwa aibu.

Ninakaa karibu na Walukuba, mtaa uliojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, siku zile Jinja ilipokuwa ikikua pamoja na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Watu walikuja kutoka kila upande, Kenya ikiwemo, na ndiyo maana hadi leo Kiswahili hakigombi na mtu mtaani mle. Kulikuwa na kona moja nyuma ya ukuta uliobomoka, isiyo na mwenyewe. Mtu wa kwanza alitupa pale mfuko mmoja. Baada ya mwaka lilikuwa jalala lenye kaloli wake, wale korongo wakubwa wenye upara, wakisimama juu ya lundo kama walinzi walioajiriwa.

Alasiri moja nilisikia hodi. Alikuwa Hajati, mama wa makamo ninayemheshimu, ambaye hupita nyumba hadi nyumba kukusanya akiba za kikundi chao. Nikamkaribisha, nikamletea chai. Akaniuliza hali ya watoto, tukazungumza juu ya mvua, juu ya bei ya sukari. Alipokaribia kumaliza kikombe, akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyooshwa na kukaushwa, akaiweka juu ya meza kwa utaratibu. Ilikuwa risiti ya duka la dawa, ina jina langu. "Hii tumeiokota kwenye kona, mwanangu. Nimeona labda unaihitaji." Hakuongeza neno. Nilikuwa nikimlipa kijana wa mkokoteni kila wiki azichukue taka zangu, nami sikuwahi kumuuliza anazipeleka wapi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Hajati alifanya hivyo kwa nyumba nyingi. Kabla hawajagusa jalala, yeye na wenzake walilisoma. Walitafuta bahasha, risiti, madaftari ya shule, hata namna ya kufunga mifuko, kwa sababu kila nyumba ina fundo lake. Walipojua taka ni za nani, walikwenda kwa hodi na maongezi, bila kumwaibisha mtu mbele ya watoto wake, bila kumpeleka kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Kila mmoja alirudishiwa kitu chake kidogo, kimeoshwa. Jumamosi iliyofuata tulikuwa watu kumi na wanane pale kwenye kona, na sidhani kama hata mmoja alikuwa amealikwa kwa mdomo.

Si ajabu ufundi huu ukapatikana kwa watu wa vikundi vya akiba. Shirikisho la kitaifa la wakazi wa mitaa duni ya Uganda lilianza mwaka 2002, Jinja ikiwa miongoni mwa miji yake ya mwanzo, likajengwa juu ya wanawake wanaoweka sarafu chache kila siku, na baadaye Jinja na Mbale zote mbili zikawa miongoni mwa miji mitano iliyoingia kwenye mpango wa kuboresha mitaa hiyo, mitaro na vyoo vikiwa kati ya vitu walivyochagua wakazi wenyewe. Anayekusanya akiba anaijua milango yote. Anajua nani ana mgonjwa, nani amehama, nani hana pa kutupa. Akili hiyo hiyo ndiyo inayosafisha kona.

Siku ya kazi yenyewe Hajati aliiongoza kama unavyoongozwa upishi wa harusi, kila kitu kwa zamu yake. Kwanza fyekeo: majani yakakatwa yasifiche nyoka wala chupa, lakini mashina yakaachwa kimo cha kiganja yashike udongo wa mteremko. Pili, vioo na sindano, vikaokotwa na watu wawili tu wenye glavu nene na kutiwa kwenye jerikeni iliyokatwa mdomo. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingiza mkono kabla hao wawili hawajamaliza. Tatu, vyuma na chupa za plastiki, vya wanunuzi wa chakavu. Nne, maganda ya matoke na mabaki ya jikoni, ambayo kwenye jalala lolote la Uganda ndiyo mengi kuliko vyote. Hayo yalifukiwa shimoni. Pampas zilikuwa za mwisho. Aliagiza zichotwe kwa beleshi pana, zisichomwe na meno ya reki, maana ikipasuka moja inaharibu kazi ya watu kumi.

Na zile kaveera zilizozikwa? Hapo nilishika mfuko mmoja uliochomoza, nikavuta kwa nguvu, ukakatika mkononi, nusu ikabaki ardhini. Hajati akacheka kwa upole. "Ngoja jua, mwanangu." Tukazifukua kwa jembe la meno, tukaziacha zimelala wazi. Ilipofika saa tano udongo ulikuwa umekauka na kupauka. Ukiuinua mfuko na kuukung'uta mara moja, udongo unabaki chini na mfuko unabaki mkononi, mwepesi kama ganda la kitunguu. Asubuhi tungebeba tani za udongo tukidhani tunabeba taka. Tangu siku ile nimewaona watu wengi, kwenye siku nyingi za usafi, wakipigana na kaveera mbichi, nami hutamani kuwaambia wangoje jua.

Magunia yalikuwa ya sukari, yale meupe ya kilo 50, kwa kuwa Kakira iko jirani na magunia hayo hayakosekani Jinja. Hata gunia lina kanuni zake. Linajazwa theluthi mbili, shingo inasokotwa, inafungwa kwa kamba ya katani. Anayejaza hadi mdomoni anajisifu kwa dakika moja, kisha watu wawili wanashindwa kulibeba, na likipasuka njiani mnaanza upya. Pembe ya chini inakatwa kidogo, gunia linaegemezwa mahali penye mteremko, maji yanachuruzika. Baada ya saa mbili limepungua uzito hadi mama mmoja anaweza kuliinua.

Hakuna kilichochomwa. Kijana mmoja alikuja na kiberiti, Hajati akamnyang'anya. Moshi wa plastiki unaingia vifuani mwa watoto wa jirani, alisema, na hata bila moshi, jivu ni mwaliko: anayepita usiku na taka zake akiona jivu, anajua hapa ndipo panapotupwa.

Mahali palipofagiwa napo panaalika, ila wageni wengine. Jioni ileile waliweka gogo lililopasuliwa liwe benchi, wakapanda migomba mitatu. Hajati alishazungumza na vijana wa bodaboda wahamishie kituo chao pale, na muuza rolex, yule wa chapati iliyoviringishiwa mayai, akaleta jiko lake kwa sababu wateja wamehamia. Penye jiko la chapati pana macho hadi saa nne za usiku. Nilimuuliza kama hakufikiria kubandika onyo la faini. Akasema kibao hakimjui mtu kwa jina, muuza chapati anamjua.

Kuna neno moja la Kiganda linaloniuma kila nikiwaangalia watu hawa. Neno hilo ni kyeyo, ufagio. Waganda wenzetu wanaokwenda Uingereza, Marekani au nchi za Ghuba kufanya kazi za mikono tunawaita nkuba kyeyo, wapiga ufagio. Mpiga ufagio wa London tunampokea uwanja wa ndege kwa ngoma na tunamuuliza atajenga lini. Anayepiga ufagio Walukuba bila malipo tunampita bila salamu. Ufagio ni uleule. Mimi naona wa Walukuba ndiye anayestahili kupokewa kwanza.

Kazi yao ina jina la zamani pia: bulungi bwansi, yaani kwa faida ya nchi. Buganda ilikuwa na mlio wake wa ngoma, saagala agalamidde, sitaki aliyelala, na watu walitoka kutengeneza barabara na visima. Jina likavuka Nile likaenea hadi huku mashariki. Wakati wa ukoloni kazi za namna hiyo ziligeuzwa kuwa shuruti, ndiyo sababu wazee wengine bado hulisikia neno hilo kwa uchungu. Siku hizi serikali za jirani zetu zina siku zao: Rwanda ina umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Tanzania haijasahau tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta gwaride la Uhuru na kushika ufagio mwenyewe. Naziheshimu siku hizo. Lakini siku moja ya maelfu ya watu inaokota kilicho juu, kinachoonekana. Kilicho ndani ya bomba kinamngoja mtu aliyekaa na mtaro ule miaka, anayejua unaziba wapi na mwezi gani.

Wazee wa Mbale husimulia kwamba mji wao uliwahi kusifiwa kwa usafi kupita miji yote ya Uganda. Tangu Julai 2020 Mbale na Jinja ni majiji rasmi, na kila moja lina kiwanda chake cha mboji, Doko kwa Mbale na Masese kwa Jinja, vilivyojengwa katika mpango wa NEMA, mamlaka yetu ya mazingira, na Benki ya Dunia wa kugeuza maganda yetu kuwa mbolea. Ni wazo jema. Lakini mboji iliyochanganyika na vioo na kaveera hakuna mkulima anayeitaka, na lori haliwezi kutenganisha taka. Zinatenganishwa pale mwanzo kabisa, kwa mikono, kwa zamu, vioo kwanza na pampas mwisho. Na Kampala mwezi Agosti 2024 sote tuliona lundo lisilotenganishwa linavyoishia: jalala la Kiteezi liliporomoka likafukia nyumba na kuua zaidi ya watu 30.

Kati ya miji hii miwili kuna kama kilomita 150 za barabara, lakini maji yake hukutana. Nile inatoka Jinja na kuingia Ziwa Kyoga. Mito ya Mbale inashuka hadi kwenye majaruba ya mpunga, inaingia Mpologoma, na Mpologoma nayo inamwaga maji yake Kyoga. Chupa aliyoivuta mzee kwa mwanzi wake na mfuko nilioukung'uta mimi Walukuba vingefika ziwa moja, kwenye nyavu za wavuvi wale wale.

Kwa hiyo ukipita Mbale au Jinja Jumamosi asubuhi ukakuta watu wameinama mtaroni, usikimbilie kusaidia. Simama kwanza, utazame wanaanzia wapi. Kisha uliza gunia liko wapi, nawe usilijaze kupita theluthi mbili.